Ndani ya uhakiki kuna haki

Juzi nimempeleka mama mdogo kwenye uhakiki wa wastaafu, ofisi siitaji, na mpaka sasa roho inaniuma. Kafundisha Kiswahili miaka zaidi ya thelathini, jioni akishika jembe, sasa vidole vimesagika, mashine ikagoma kusoma. Dole gumba likakataa, cha shahada kikakataa, tukajaribu mkono wa pili nao hivyo hivyo. Kijana wa dirishani akasema "mama hujahakikiwa, kaa pembeni kwanza". Kitambulisho anacho mkononi, sura ile ile, zile namba 20 za NIDA, mamlaka ya vitambulisho vya taifa Tanzania, zinaanza na tarehe yake ya kuzaliwa, na bado akakaa pembeni mpaka saa tisa.

Jamani hili neno tumelifanya nini? Hakiki limetoka Kiarabu, mzizi ni haqq, ule ule uliotupa haki na hakika, maana kwao ukweli na stahili ya mtu vinabebwa na neno moja. Na kwetu hakiki ni sifa pia, kitu hakiki ni kitu cha kweli. Kwa hiyo ukimhakiki mtu unautafuta ukweli wake mpaka ukampe kilicho chake, ukiishia kwenye kumshuku bado hujamhakiki, umemkagua tu kama mzigo stendi. Tuliosoma fasihi sekondari tunajua, huwezi kuhakiki riwaya kwa kutazama jalada, unaisoma yote, unamwelewa mhusika kwanza ndo unafungua mdomo, na aliyenifundisha hayo ni huyu huyu mama aliyewekwa pembeni.

Haya, wadanganyifu wapo, siwezi kukataa, 2017 uhakiki wa vyeti uliwakuta watumishi zaidi ya 9,000 wana vyeti vya kughushi. Sawa. Lakini mashine ikishindwa kusoma kidole, iliyoshindwa ni mashine, kwanini aambiwe yeye ndo hajahakikiwa?

Halafu kitambulisho chenyewe kimetokana na kutambua, kutambulishana, na toka zamani mtu hajitambulishi peke yake, kuna anayesimama akasema huyu namjua, mtoto wa fulani, anakaa pale.

Alhamisi tunarudi. Nimeshaongea na mwenyekiti wa mtaa, kakubali kwenda nasi, atasimama pale dirishani awaambie huyu ni nani.