Mkabidhi mchapakazi na malalamiko yasiyo na pa kupelekwa

Wikipedia, kamusi elezo iliyoanzishwa mwaka 2001 na inayoandikwa na watu wasiolipwa, ina wakabidhi, yaani wahariri waliopewa na wenzao uwezo wa kufuta kurasa na kuzuia watumiaji. Kumsumbua mtu humo hakuhitaji matusi. Ukurasa wa michango wa kila mhariri, unaoorodhesha kila alichohariri, uko wazi kwa yeyote. Anayekuandama huufungua, akapita makala zako moja baada ya nyingine, hii akaitengua, ile akaibandika bango la kupendekeza ifutwe, na kila tendo likipimwa peke yake huonekana halali kabisa. Mwandamaji akiwa mchapakazi, wenzake humvumilia kwa sababu ya kazi zake.

Ndiyo maana kisa cha Juni 2019 katika Wikipedia ya Kiingereza bado kinanishughulisha. Wakfu wa Wikimedia, shirika linaloendesha Wikipedia, ulimfungia mkabidhi mkongwe mwaka mzima bila kutaja hadharani walalamikaji wala ushahidi. Mkabidhi mwingine alipomfungulia, naye akavuliwa madaraka, na wakabidhi zaidi ya 20 wakajiuzulu. Mwishowe shauri lilifika kwa Kamati ya Usuluhishi, ambayo wajumbe wake huchaguliwa na wahariri, nayo Septemba ikaondoa kifungo hicho bila kumrudishia ukabidhi. Wapo walioshangilia ushindi wa jumuiya. Mimi nakumbuka zaidi jinsi watu walivyokesha wakikisia ni nani aliyelalamika, jambo lililoonyesha wazi kwa nini mlalamikaji alihitaji kufichwa. Hata hivyo, Wakfu ulikosea, kwa kuwa mtu asiyeelezwa kosa lake hawezi kujitetea. Naona ni afadhali ushahidi usikilizwe faraghani na watu ambao wahariri wenyewe wamewachagua na wanaweza kuwaondoa kwa kura.

Lakini kamati ya namna hiyo huhitaji jumuiya kubwa. Wikipedia ya Kikroatia ilishikwa kwa miaka mingi na kikundi kidogo cha wakabidhi wa mrengo mkali wa kulia, na aliyewapinga alizuiwa na walewale ambao angepaswa kuwalalamikia. Magazeti yalipaza sauti mwaka 2013, waziri wa elimu akawaonya wanafunzi, lakini mambo hayakugeuka hadi 2020.

Mapema mwaka uliofuata, 2021, Wakfu ulipitisha kanuni za maadili za miradi yake yote, na kamati ya kuzisimamia ikachaguliwa mara ya kwanza mwaka 2024. Kwetu ina uzito kuliko kwa Waingereza. Wikipedia ya Kiswahili haina Kamati ya Usuluhishi. Ugomvi na mkabidhi huishia kwenye ukurasa wa Jumuia, yaani ukurasa wa majadiliano ya wahariri wote, mbele ya mkabidhi huyohuyo na marafiki zake. Ningependa njia ya kuifikia kamati hiyo ielezwe hapohapo kwa Kiswahili, na siri ya mlalamikaji itunzwe hata kama wengi wetu tunajuana kwa majina na tumewahi kukaa warsha moja.