Data za tafiti za serikali: tufungue mpaka wapi?

Mdadisi anapiga hodi, anakaa na familia saa nzima au zaidi, anauliza wiki hii mmekula nini, nani anaumwa, choo mnachangia na nani, kuna mtoto mliyempoteza, na watu wanajibu, wengine machozi yanawatoka kabisa. Halafu anaondoka, na baada ya mwaka au miwili kinachotoka ni ripoti nene ya PDF yenye majedwali ambayo ukitaka kuyapeleka kwenye Excel inabidi uchape namba moja moja. Mimi hapo ndo naumia, kwa sababu walioyatoa yale majibu hawana njia ya kuziuliza hizo data swali lao wenyewe.

Maana ripoti inajibu maswali ya aliyeiandika tu. Itakwambia kaya ngapi zina maji ya bomba, lakini wewe unataka kujua zile zinazoongozwa na wajane wenye watoto wadogo, hilo jibu lipo, limekaa kwenye data ghafi, yaani majibu ya kila kaya kama yalivyoandikwa, na limeshalipiwa kwa kodi, ila huwezi kulifikia. Na zikibaki ofisini hakuna wa kurudia hesabu, kwa hiyo kosa likiingia kwenye ripoti linakaa humo humo miaka yote mpaka sera inajengwa juu yake.

Sasa upande wa pili, na hawa wanaoogopa kufungua data tusiwachukulie kama watu wa kuficha tu. Kanuni za msingi za takwimu rasmi zilizopitishwa na Tume ya Takwimu ya Umoja wa Mataifa mwaka 1994 zinasema wazi kwamba taarifa za mtu mmoja mmoja ni siri na zitumike kwa kazi ya takwimu peke yake. Wengi wanadhani ukifuta majina basi umemaliza, kumbe bado. Latanya Sweeney, mtafiti wa faragha ya data, alichukua rekodi za hospitali za jimbo la Massachusetts, Marekani, ambazo hazikuwa na majina, akazilinganisha na daftari la wapiga kura, akampata gavana wa wakati ule, William Weld, na matibabu yake. Baadaye akakadiria, kwa kutumia sensa ya 1990, kwamba tarehe ya kuzaliwa, jinsia na msimbo wa posta vinatosha kumtambua mtu mmoja kati ya wengine kwa asilimia 87 hivi ya Wamarekani. Huko huko Marekani sheria ya vita ya mwaka 1942 ilifungua siri za sensa, na taarifa zikatumika dhidi ya watu wenye asili ya Japani. Kwa hiyo mtu akikataa kumjibu mdadisi kwa woga ana sababu, na watu wakianza kukataa kujibu hata hiyo data ya kufungua haitakuwepo.

Lakini mi naona siri inageuzwa kisingizio pale ambapo njia za kulinda watu zipo na zinajulikana. Tafiti za DHS, zile za afya na uzazi, zinasogeza makusudi alama ya ramani ya eneo lililotembelewa, mpaka kilomita 2 mjini na kilomita 5 vijijini, na sehemu chache za vijijini mpaka 10, mtafiti anapata picha ya eneo bila kukijua kijiji chenyewe. Ulinzi una gharama yake kweli, sensa ya Marekani ya 2020 waliongeza makosa madogo ya makusudi kwenye namba na watafiti wa maeneo yenye watu wachache wakalalamika sana kwamba namba zao zimeharibika. Ndo maana mimi nataka data zifunguliwe kwa ngazi tatu: majedwali yawe wazi kwa kila mtu bila kuomba, data ghafi zilizoondolewa vitu vya kumtambulisha mtu ujisajili na useme unazifanyia nini, na zile nyeti kabisa zisomwe ndani ya chumba chenye ulinzi.

Kinachosahaulika zaidi ni maelezo. Mtu anadaunlodi faili anakuta umri umeandikwa 98, anauingiza kwenye wastani, kumbe kwenye dodoso 98 ni "hajui". Au haoni kwamba mkoa mdogo uliongezewa kaya kwenye sampuli ili zitoshe kuhesabika, anaacha uzito wa sampuli, ile namba inayorudisha kila mkoa kwenye ukubwa wake halisi, na wastani wa taifa zima unapinda. Hilo ni jambo la kawaida sana, na wapo wanaolitumia kusema wananchi watapotosha takwimu, bora zikae ndani. Sikubaliani, anayepotoka kwa kukosa maelezo apewe maelezo: dodoso, orodha inayosema kila namba kama hiyo 98 ina maana gani, na karatasi mbili za lugha ya kawaida zinazosema utafiti huu unafaa kwa taifa na mikoa, usiukate mpaka kijiji.

Na tuangalie funguo anashika nani. DHS ilianza 1984 kwa pesa za Marekani na imefika nchi zaidi ya 90, halafu mapema 2025 pesa zikasimamishwa na walioomba ruhusa ya kupata data wakabaki wanasubiri, wakati majibu ni ya watu wa nchi nyingine kabisa. Ofisi ya takwimu ya kila nchi iwe na nakala yake kamili, pamoja na maelezo yake, na mtu wa ndani anayejibu maombi.