Mwajiri Aketi Kwenye Meza ya Mtaala

Kila yanapotajwa makampuni kushiriki kuandaa mitaala ya ufundi stadi, jibu huja haraka: mnawakabidhi matajiri vyuo vya wananchi. Hofu hiyo ina msingi, ila inamsahau mlipaji.

Mwajiri wa Tanzania Bara mwenye wafanyakazi 10 au zaidi hulipa tozo ya kuendeleza ujuzi, SDL, kwa kupigiwa hesabu ya mishahara yote. Ilikuwa asilimia 6. Ikashuka kidogo kidogo hadi 3.5 mwaka 2023. Na kwa miaka mingi VETA, mamlaka ya serikali ya mafunzo ya ufundi stadi, imepata theluthi moja tu ya makusanyo. Zilizobaki zimekwenda Hazina. Sasa mlipaji huyo akimpokea kijana mwenye cheti cha ufundi magari aliyezoea kabureta, wakati gereji imejaa magari ya injekta yanayopimwa kwa kompyuta, inambidi amfundishe upya. Amelipia ujuzi mara mbili. Ndiyo maana kila mwaka wa bajeti kilio chake ni tozo ishuke, na ikishuka, fungu la kununulia hizo kompyuta za vyuoni nalo linapungua. Simlaumu. Hajawahi kuulizwa anataka fundi wa namna gani.

Alipoulizwa, mambo yalikwenda. Tangu 2009 kampuni za migodi na VETA Moshi zimeandaa mafundi wa migodini kwa pamoja, darasani na kazini.

Wapinzani watanitajia Buzwagi, mgodi wa dhahabu wa Kahama uliofungwa 2021. Kweli, aliyefundishwa mtambo wa kampuni moja hubaki na ujuzi usio na mwajiri kampuni inapoondoka. Lakini fundi umeme aliyepimwa kwa kiwango cha taifa huhamia kiwanda cha saruji. Wajerumani, kwa sheria yao ya 1969, huwaketisha waajiri, vyama vya wafanyakazi na serikali, na wanachokubaliana kwa kila fani hutumika nchi nzima.

Linalonisumbua zaidi ni gereji ndogo. Hazifikishi watu 10, hazilipi SDL, lakini vijana wetu wengi huishia huko. Kiti kikitolewa kwa walipaji peke yao, fundi wa gereji za Gerezani, Dar es Salaam, atabaki nje, ingawa VETA hiyo hiyo humpima na kumpa cheti kwa ujuzi alioupata mtaani. Kamati ya mtaala wa ufundi magari imwite naye, na siku aliyoacha kazi kuja kikaoni alipwe.