Acheni kumwita La Noue kigeugeu

Kila ifikapo Agosti 24, sisi tunaopenda historia hukumbushana mauaji ya Siku ya Mtakatifu Bartholomayo, Waprotestanti walipochinjwa Paris mwaka 1572. Safari hii kuna mtu ameniudhi. Aliandika kwamba makabaila wa Kihuguenoti, yaani Waprotestanti wa Ufaransa, walikuwa wa aina mbili tu: wanaume waliokufa pamoja na kiongozi wao Coligny, na vigeugeu waliobaki hai wakila kwa mfalme mchana na kwa ndugu zao usiku. Mfano wake wa kundi la pili ulikuwa François de La Noue. Watu wakampigia makofi. Nimeona nijibu, kwa sababu hiyo ni dhuluma kwa marehemu asiyeweza kujitetea.

Kwanza tumtazame mwilini. La Noue alizaliwa mwaka 1531 katika ukoo wa makabaila wa Bretagne, akapigana Italia ujanani, kisha akashika imani ya Kiprotestanti ya Kalvini. Vita vya dini vilipoanza mwaka 1562 alikuwamo katika pigano la Dreux. Mwaka 1567 aliutwaa mji wa Orléans, na inasimuliwa kwamba aliingia na wapanda farasi 15 tu. Machi 1569 alitekwa na jeshi la mfalme katika pigano la Jarnac, akakombolewa. Oktoba mwaka huohuo akatekwa tena Moncontour. Mwaka 1570, mbele ya kuta za Fontenay-le-Comte, risasi ilimsaga mkono wa kushoto hadi ukakatwa. Fundi akamtengenezea mkono wa chuma wa kushikia hatamu za farasi, akarudi vitani nao. Watu wakamwita Mkono wa Chuma. Huyo ndiye tunayeambiwa alikuwa anatafuta pa kula.

Sasa twende La Rochelle, maana lawama zote zinatoka huko.

Siku ya mauaji La Noue hakuwa Paris. Alikuwa Mons, mji wa Ubelgiji ya leo, amezingirwa na majeshi ya Kihispania ya Duke wa Alba. Mji uliposalimu amri Septemba, alirudi Ufaransa na kukuta rafiki zake wameshachinjwa, Coligny mwenyewe ametupwa dirishani na maiti yake kudhalilishwa. Mfalme Charles IX, aliyesimama mbele ya mahakama kuu ya Paris na kusema yametendeka kwa amri yake, akamwita. Akamtuma La Rochelle, bandari ya Waprotestanti iliyokuwa imemfungia malango gavana wa mfalme, akawashawishi watu watii. La Noue akaenda.

Najua hapo wengi ndipo wanapomkatia tamaa. Hata wenyeji wa La Rochelle waliona hivyo. Novemba 1572 wajumbe wao walikutana naye nje ya mji, na inasimuliwa kwamba walimwambia wamekuja kuonana na La Noue lakini hawamwoni. Walimjua mtu mwenye sura kama hii, aliyepoteza mkono akiwatetea, ila yule asingethubutu kuwaletea maneno haya. Kila nikifika hapo moyo unaniuma. Mtu amefiwa na chama chake chote, mkono umebaki kaburini, halafu wale aliowapa mkono huo wanamwambia hawamjui.

Hakuwafokea. Wakampa mambo matatu achague moja: akae mjini kama raia, awe kamanda wao, au wampe meli avuke kwenda Uingereza. Akachagua ukamanda, na mfalme akaridhia, akitumaini kwamba atawavuta kwenye mazungumzo. Basi kwa miezi kadhaa mtu mmoja alikuwa mjumbe wa mfalme na kamanda wa waasi wa mfalme huyohuyo. Lakini angalieni: pande zote mbili zilijua. Kigeugeu hufanya mambo yake gizani, humwahidi huyu asichomwambia yule. La Noue aliimarisha kuta mchana kweupe. Jeshi la Duke wa Anjou, ndugu wa mfalme, lilipouzingira mji Februari 1573, alitoka na watu wake kupigana nalo. Akirudi barazani aliwaambia wakuu wa mji waziwazi: zungumzeni, tafuteni masharti mkiwa bado na nguvu. Aliwatetea kwa silaha na akawapinga kwa maneno, na hakuficha lolote kati ya hayo.

Malipo yake yalikuwa kofi. Mchungaji mmoja, La Place, alimwita msaliti na kumzaba usoni. Watu wa La Noue walitaka kumwua papo hapo. Yeye akawazuia, akaagiza mchungaji apelekwe kwa mkewe akatunzwe kama mgonjwa wa akili. Machi, alipoona hakuna atakayemsikiliza, akaondoka mjini.

Nitakubali jambo moja, kwa shingo upande. Watu wa La Rochelle walikuwa na haki ya kutomwamini mfalme. Damu ya Paris ilikuwa haijakauka, na lau wangefungua malango Novemba, sijui nani angewazuia askari. Ukaidi wao uliwapa kitu cha kuwekea masharti. Hata hivyo mwisho ulikuwa upi? Jeshi la mfalme likapoteza maelfu ya watu, Anjou akachaguliwa mfalme wa Poland akataka kuondoka, na Julai ikatoka amri ya Boulogne iliyoruhusu ibada ya Kiprotestanti La Rochelle, Nîmes na Montauban. Mazungumzo. Yale yale aliyozabwa kofi kwa kuyasema.

Mwaka 1574 alikuwa tena na upanga upande wa Wahuguenoti, safari hii wakishirikiana na Wakatoliki wenye msimamo wa wastani. Baadaye akaenda kuwapigania Waholanzi dhidi ya Uhispania, akatekwa mwaka 1580 na kufungwa miaka mitano Limbourg. Inasimuliwa kuwa Wahispania walimwambia watamwachia akikubali kutobolewa macho. Humo kifungoni aliandika insha 26 zilizochapishwa Basel mwaka 1587. Katika moja anasema vita vyao vya kupigania dini ndivyo vilivyowasahaulisha dini. Akiyasema hayo mtu aliyejificha vita ikanguruma mbali, nitapita. Akiyasema mtu mwenye mkono wa chuma, nakaa chini nisikilize.

Tena mtazame Senlis, Mei 1589. Alisaidia kuwashinda wapiganaji wa Ligi ya Wakatoliki, chama cha Wakatoliki wenye msimamo mkali, kwa niaba ya Mfalme Henri III. Huyo Henri III ni yule yule Duke wa Anjou: jina lake ndilo lililoliongoza jeshi lililomteka Jarnac na Moncontour, na ndiye aliyeizingira La Rochelle. La Noue aliona kwamba Ligi ikishinda Ufaransa itaendelea kuungua, akafanya kazi na adui yake wa zamani. Mfalme alipouawa Agosti akaendelea na mrithi wake, Henri IV, akapigana Ivry mwaka 1590. Mwaka uliofuata, akizingira Lamballe huko kwao Bretagne, alipanda ngazi kuchungulia ukuta, risasi ikamjeruhi kichwani. Alikufa Agosti 4, 1591. Hati ya Nantes, iliyowapa Waprotestanti haki ya kuabudu, ilitoka 1598.

Yapo ya kumlaumu, na ni mazito kuliko huo ukigeugeu wa kuzuliwa. Orléans aliyoitwaa mwaka 1567 ndiko Wahuguenoti walikolipua kanisa kuu la Msalaba Mtakatifu mwaka uliofuata. Aliyefungua lango ana sehemu yake katika yaliyoingia. Na katika insha zile zile za gerezani, mtu huyu aliyelia kwamba Wakristo wanauana anapendekeza wafalme wa Kikristo waungane kuwafukuza Waturuki kutoka Ulaya ndani ya miaka minne. Nimeisoma habari hiyo mara nyingi nikitafuta namna ya kumtetea, na sitamtetea. Aliweza kuketi na mfalme aliyewaua rafiki zake, lakini hakuona sababu ya kuketi na Mwislamu. Anayetaka kumshitaki La Noue aanzie hapo, kesi ipo.