Vikonyo vya Burgundy na msesewe wetu wa Kilimanjaro

Wadau, mimi naishi huku Dijon, Ufaransa, na kuna jambo linaniuma kuhusu sisi watu wa Moshi na mbege, pombe yetu ya ndizi, nimelielewa vizuri zaidi kwa kuonja waini nyekundu za huku Burgundy. Zabibu ya huku ni Pinot Noir, sasa kuna watengenezaji wanaichachusha na kichala chake kizima, yaani hawapukuchui punje, wanatia kwenye tanki na vikonyo vyake, na wengine wanavitoa vyote. Marehemu Henri Jayer, mtengenezaji wa kijiji cha Vosne-Romanée, alikuwa anavitoa, hakuutaka ule uchungu wa vikonyo. Shamba la Domaine Dujac pale kijiji cha Morey-Saint-Denis wao ni maarufu kwa vichala vizima, shamba la Romanée-Conti nao vikonyo vinaingia, na wote wanaheshimika.

Ukionja tofauti unaiona. Yenye vikonyo mara nyingi rangi imepauka kidogo maana vikonyo vinainyonya, na potasiamu iliyomo inapunguza ule ukali wa asidi, ila harufu sasa! Waridi, majani ya chai, pilipili manga, halafu mwishoni ule mkwaruzo unaoshika ulimi. Mwaka ambao vikonyo havijaiva waini inanuka majani mabichi, ndiyo maana mtu anatia vichala vingi mwaka huu na mwakani anapunguza au anaacha kabisa. Mimi niko upande wa vikonyo, hasa chupa ikishakaa miaka ya kutosha.

Sasa njoo kwetu. Mbege si akili hiyohiyo jamani? Ndizi zinachemshwa zinaachwa zichache, unakuja uji wa kimea cha ulezi, halafu gome la mti wa msesewe linatia uchungu ili ule utamu wa ndizi usitawale. Mama zetu wanapima msesewe kwa ulimi tu, ukizidi hainyweki, ukipungua imepooza, huo ni ujuzi mkubwa na hakuna anayewataja. Huku mashamba yameingizwa urithi wa dunia wa UNESCO tangu 2015, kipande kidogo tu cha ardhi kina jina lake kwenye chupa, na watu wanabishana meza nzima kuhusu vikonyo asilimia ngapi. Kwetu kijana akishika hela kidogo mbege anaona ya wazee, anaagiza bia. Hata Dodoma wanavuna zabibu mara mbili kwa mwaka, mkulima wa huku hapati hiyo, ila chupa nilizonunua mimi hazikusema zabibu ni ya shamba la nani.

Sisemi huku ndio pazuri. Huku watu wanaonja wanatema kwenye ndoo, kila mtu na glasi yake, wakati kwetu kata ya mbege inazunguka na habari za ukoo zinazunguka nayo, hicho nakikosa sana. Ila ile heshima ya kumtaja aliyetengeneza naitaka ifike kwetu. Disemba nikija nitapita Kibosho, Marangu mpaka Rombo, kila mbege nitakayokunywa nitauliza msesewe umetiwa kiasi gani, na jina la mama aliyepika nitaliandika hapa, akiniruhusu.