Ami hana imeili, jamani!

Ami yangu wa Langoni, Lamu, amepita miaka 70. Mashua huifikisha Manda usiku bila taa, lakini juzi ofisi moja imemrudisha: "Mzee, jaza fomu mtandaoni." Kwa mulika mwizi, kisimu cha vibonye na tochi? Nikamjazia kwa simu yangu. Wataka imeili, hana, nikamfungulia. Wataka nywila yenye herufi kubwa, tarakimu na alama. "Alama gani, ya ng'ombe?" Kisha msimbo wa kuthibitisha ukaingia kwenye simu yake, maandishi kama sisimizi. Akitafuta miwani, muda umekwisha. Mara tatu! Halafu vijana wasema wazee waogopa teknolojia. Huyu pesa za simu atuma kila wiki, hakosei hata senti (mimi nishakosea mara mbili). Na fomu yenyewe? Kiingereza kitupu.