Mtani ni yule anayeweza kukurudishia

Agosti 2021, Rais Samia Suluhu Hassan aliwapokea Ikulu, Dar es Salaam, vijana wa timu ya taifa ya wanaume chini ya miaka 23, waliokuwa wametwaa ubingwa wa CECAFA, mashindano ya Afrika Mashariki na Kati, nchini Ethiopia. Katikati ya hotuba akawagusia wanawake wanaocheza mpira. Alisema wapo wenye vifua flati, mtu anaweza kudhani ni wanaume. Akaongeza kwamba ndoa kwao ni kama ndoto, maana hata kijana mmoja wa pale akimpeleka nyumbani, mama yake atamuuliza kama huyo ni mwanamke au mwanamume mwenzake.

Klipu ilisambaa, na mitandao ikagawanyika. Catherine Ruge, wakati huo mmoja wa viongozi wa Bawacha, baraza la wanawake la Chadema, aliandika Twitter kwamba kauli ile ni udhalilishaji kwa wanawake wote. Upande wa pili ukajibu kwa maneno ambayo tumeyasikia mara elfu: mama alikuwa anatania, nyie mna hasira za nini? Kila klipu ile inapoibuliwa upya, ubishi unaanza palepale ulipoachwa.

Naanza na watetezi, kwa sababu mara nyingi wanapuuzwa wakati wana hoja. Katika hotuba hiyohiyo Rais aliuliza kuhusu hao wanaotuletea makombe: miguu ikichoka na afya ya kucheza ikiisha, watakuwa wanaishi maisha gani? Swali hilo ni la kweli kabisa. Maisha ya mchezaji ni mafupi, na wanawake wanaumia kano za goti mara nyingi kuliko wanaume. Binti akiumia goti akiwa hana bima wala mkataba wa maana, anarudi kwao na magongo. Kwa jamii ambayo mwanamke asiye na kipato huambiwa kinga yake ni mume, mzazi kuwaza ndoa ya binti yake si ujinga. Waliosema Rais aliongea kama mama mwenye wasiwasi hawakusema uongo.

Shida yangu inaanzia kwenye neno "utani", kwa sababu tunalishika kama ngao bila kukumbuka utani ni kitu gani. Kwetu utani ni mkataba. Mhehe na Mngoni wanatukanana leo kwa sababu mababu zao walipigana vita karne ya 19, na utani ukawa njia ya kuishi pamoja. Mchaga na Mpare vivyo hivyo. Nimeona watani msibani: mmoja amevaa kanzu ya marehemu, anaiga mwendo wake wa kuchechemea, anadai hela kabla jeneza halijatoka, na wafiwa wanacheka huku machozi yanawatiririka. Hakuna anayekasirika, kwa sababu kila mmoja pale anajua kwamba siku msiba ukihamia upande wa pili, zamu itageuka. Hata Simba na Yanga ni hivyohivyo. Ukinicheka leo kwa kufungwa, mechi ya marudiano ipo.

Kwa hiyo naupima utani kwa swali moja: aliyetaniwa anaweza kurudisha? Mchezaji wa Twiga Stars, timu yetu ya taifa ya wanawake, amtanie Rais wa nchi kuhusu kifua chake? Haiwezekani, na asingejaribu. Tena hafla yenyewe iliandaliwa kwa ajili ya timu ya wanaume, na wao ndio walioambiwa kwamba mama zao watawashangaa wakipeleka wake wa namna hiyo. Utani wa upande mmoja, kutoka juu kwenda chini, unakosa kile kinachoufanya uvumilike. Ndiyo maana siwezi kukubaliana na wanaosema waliokasirika hawajui utani. Nadhani wanaujua vizuri.

Lakini upande wangu nao una deni. Kwenye grupu letu la WhatsApp la ukoo, klipu ile ilipotua, shangazi yangu mmoja alimtetea Rais kwa heshima tu, akasema tusikilize hotuba yote. Kijana mmoja aliyekuwa akipigania utu wa wanawake tangu asubuhi akamjibu kwamba kibonge kama yeye hawezi kujua mambo ya michezo. Watu wakamwaga vikaragosi vya kucheka. Shangazi hakuandika tena siku hiyo. Yaani tulikuwa tunapinga mwili wa mwanamke kufanywa mada, na silaha tuliyoichukua ilikuwa mwili wa mwanamke mwingine.

Wapo wanaosema maneno hayavunji mfupa, tuache kulialia. Hapo nawakatalia kabisa. Julai 2021, mwezi mmoja kabla ya hotuba ile, Barbra Banda wa Zambia alifunga mabao matatu katika kila moja ya mechi mbili mfululizo za Olimpiki ya Tokyo, jambo ambalo hakuna mwanamke aliyewahi kulifanya kwenye mashindano hayo. Mwaka uliofuata alikosa Kombe la Mataifa ya Afrika kule Morocco kwa masuala ya vigezo vya jinsia. Mwaka 2024 alipopewa tuzo ya BBC ya mwanasoka bora wa kike, mitandao ilijaa watu wa mabara mengine wakijadili kama ni mwanamke. Swali la mama mkwe wa kufikirika, "huyu ni mwanamke au mwanamume?", kwa wachezaji wengine ni swali linalowafungia mlango wa uwanja.

Oktoba 2021, wiki chache tu baada ya hotuba, Twiga Stars waliifunga Malawi 1-0 kwenye fainali ya COSAFA, mashindano ya kanda ya kusini mwa Afrika, kule Afrika Kusini. Mwaka 2022 Serengeti Girls, timu yetu ya mabinti, wakaifunga Ufaransa 2-1 na kufika robo fainali ya Kombe la Dunia la chini ya miaka 17 kule India. Nilishangilia na kusema jibu ndilo hilo. Sasa naona nilikosea. Wangefungwa je, vifua vyao vingekuwa halali kuchekwa? Heshima ya mwili wa mtu haiwezi kusubiri matokeo ya mechi.

Binti wa dada yangu anacheza beki wa kati kwenye timu ya mkoa. Amekuwa akiitwa jikedume tangu darasa la tano, na alikuwemo kwenye grupu lile. Alitoka kimya kimya usiku uleule. Nilipompigia kesho yake kumwomba arudi, nikaanza kumweleza nani alisema nini na nani alikuwa upande wake. Akanisikiliza hadi mwisho, kisha akauliza, "Mjomba, katika hao wote, kuna aliyeuliza kama tunalipwa?"

Nilirudi kuzipitia meseji, zaidi ya mia mbili. Hakukuwa na hata moja. Wanapewa nauli ya mazoezi, na si kila wiki.